Machipukizi ya Ihembe

Shule niliiacha darasa la nne, na sioni haya kulisema. Nkwenda nzima wanajua ni nani alianza kwa kusukuma baiskeli yenye mikungu mitano ya ndizi, mlima kushuka mlima kupanda, na leo ni nani ana malori mawili, mashine ya kukoboa kahawa na nyumba ya tofali za kuchoma. Wapo wenye vyeti vya vyuo wanaokuja kwangu kuomba kazi ya kuandika mizigo, nami nawapa. Kwa hiyo mtu akisoma haya asidhani ni kilio cha mtu aliyeshindwa maisha. Mengi nimeyaweza. Hili moja nililiharibu, na sikusukumwa na mtu.

Malori yangu yakilala kwenye tope, kinachokwenda kuyatoa ni landrova yangu. Niliinunua kwenye mnada wa parokia ikiwa imeota majani hadi kwenye boneti. Mafundi wawili walikuja, wakaizunguka, wakasema niiuze chuma chakavu. Niliifungua mwenyewe chini ya mparachichi wangu, nati moja moja, nikaziweka kwenye mabeseni ya mke wangu, na baada ya masika mawili ikawaka. Ni kweli, breki zake mpaka uzikanyage mara tatu. Wipa ya upande wa abiria haina mota, ina kishikio kwa ndani, na anayekaa pale ndiye anayekichezesha kwa mkono. Turubai la nyuma linavuja. Lakini ukiitia gia ndogo inapanda ukuta. Mimi nilikuwa nikisema hadharani, kwenye pombe ya rubisi na hata msibani, kwamba gari hili halijawahi kukwama na halitakwama.

Mama yangu alikuwa Ihembe, kwenye kibanja, shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, alicholetwa akiwa bibi harusi. Baba alishatutoka. Mama alikuwa akikaa na dada yangu mkubwa, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika. Siku moja mama akateleza akikata majani ya mgomba, akaumia nyonga, na tangu hapo akawa mtu wa fimbo. Miaka miwili nilimbembeleza aje kwangu. Si kwamba dada hakumtunza. Ukweli ni kwamba watu wa Nkwenda walikuwa wanasema, na maneno yalinifikia: yule bwana ana nyumba ya vyumba sita na mama yake anachechemea kijijini. Hilo liliniuma zaidi ya nyonga yenyewe. Bora niliseme tu.

"Nikija huko nitakula nini?" mama aliniuliza.

"Mama, mimi nauza ndizi! Kwangu ndizi zinaiva jikoni kwa kukosa mlaji."

"Hizo ni za kununua. Mtu anayekula ndizi za kununua ni mgeni."

Mwishowe alikubali, kwa sharti moja. Migomba yake ije naye. Hakutaka migomba yoyote tu. Alitaka ile ya enshakara, ndizi ya kupika, aliyopewa machipukizi yake na mama yake mzazi siku alipoolewa. Migomba hiyo ilisimama karibu kabisa na nyumba, pale majivu ya jiko na samadi vinapomwagwa, na kila mtoto wa nyumba ile, mimi nikiwamo, alianza kula chakula kigumu kutoka hapo.

"Ikishika kwako, nitakaa mpaka nife," alisema. "Isiposhika, utanirudisha."

Nikacheka. Nikamwambia gari langu lingebeba kibanja chote na jiko lake.

Nilikwenda kumchukua masika yakiwa yamechachamaa. Mtu mwenye akili angengoja jua, lakini machipukizi hupandwa ardhi ikiwa na maji, na mimi nilitaka kuonyesha kwamba pale malori ya wenzangu yanapolala mimi napita. Kwenda nilipita vizuri. Ihembe tulichimba siku nzima. Mama aliketi kwenye kigoda chini ya mwamvuli, mimi nikichimba, dada akipunguza majani na mizizi. Pembeni, kwenye kibanda cha jiko, mama aliwasha moto, na kila dada alipomaliza shina moja, kabla ya kugusa lingine, alitakiwa kwenda kulipitisha panga motoni mpaka maji yaliyokuwa juu yake yafoke.

"Mama, leo tunapika panga?" nikamtania.

"Cheka tu. Bwana shamba alikuja hapa akatufundisha. Huu ugonjwa wa mnyauko unapanda panga kama wewe unavyopanda gari. Kijiji cha jirani wamemaliza migomba yote."

"Hapa kwako upo?"

"Kwangu hauingii," akasema, na kwa hilo alikuwa anajivuna kama mimi ninavyojivuna kwa landrova. Dada akanikonyeza, akaelekea jikoni na panga lake kwa mara ya ishirini na ngapi sijui.

Machipukizi yalikuwa arobaini. Tuliyapanga nyuma kwenye gari na udongo wake, tukayafunika turubai, tukaondoka asubuhi iliyofuata. Mama alimkumbatia dada muda mrefu, kisha akapanda mbele kwa kushikwa huku na huku, fimbo katikati ya magoti. Panga langu mimi lilikuwa chini ya kiti changu, mahali linapokaa siku zote.

Mvua ilianza hatujamaliza hata kona ya kwanza. Ilikuwa ile mvua ya kwetu inayoshuka na ukungu pamoja, kilima kinafutika mbele yako kama mtu amekivuta. Mama alishika kishikio cha wipa. Kulia, kushoto, kulia, kushoto.

"Umenipandisha gari au umenipa kibarua?" akauliza.

"Abiria wote wa mbele wanalipa hivyo, mama."

"Na mkeo?"

"Mke wangu hupanda nyuma, anaikimbia hiyo kazi."

Alicheka mpaka akaacha kufuta, na mimi nikawa naendesha kwa kukisia. Nilikuwa na furaha siku ile kuliko siku nilipopata lori la kwanza. Maji yalikuwa yakitudondokea kwenye mapaja, sakafu ya gari inachuruzika, injini inanguruma kama ng'ombe dume, na mama yangu, aliyekuwa hajapanda gari langu hata siku moja, anafuta kioo na kuimba wimbo wa kanisani kwa Kinyambo.

Mbele tukakuta daraja limefunikwa. Hata kingo hazikuonekana, maji ya kahawia tu yanapita na vigogo. Watu wamesimama huku na huku wanaangaliana. Nikageuza. Nikasema tutapita Kiruruma, kwa juu, njia ya vilima. Mama akauliza kama naijua. Nikamwambia hakuna njia Karagwe wala Kyerwa nisiyoijua. Niliijua kweli, ila niliijua ya kiangazi.

Tulipanda na kushuka mpaka mchana. Kwenye mteremko mmoja, udongo mwekundu ukiwa kama sabuni iliyolowa, nikakanyaga breki mara moja, mara ya pili, na kabla ya ile ya tatu gari likageuka ubavu, likateleza polepole kama linalofikiri, likaingia mtaroni. Upande wote wa kushoto ukazama hadi ekseli.

Mama akasema, "Gari lisilokwama limefanya nini?"

"Limepumzika," nikasema.

Akacheka tena. Mimi sikucheka.

Juu kidogo ya barabara palikuwa na nyumba ya mzee mmoja. Alishuka na gunia kichwani la kujikinga mvua, akatuamkia kwa Kinyambo, nami nikamwamkia shikamoo. Alipomwona mama hakuuliza lolote, alimshika mkono akampeleka ndani, kwenye nyasi kavu zilizotandazwa sakafuni na moto wa kuota. Mimi nikabaki na jembe. Nilichimba, nikaweka mawe, magurudumu yakayameza. Mzee akarudi, akatazama.

"Hapa mawe hayasaidii," akasema. "Weka vigogo vya migomba. Nenda pale pembeni, ile mitatu iliyoanza njano. Imepata mnyauko, nilikuwa naing'oa wiki hii. Ikate yote. Ila panga lako ukimaliza ulilete motoni."

"Sawa, mzee."

Nikaikata. Kila nilipofyeka, baada ya muda mfupi pale nilipokata palitoka utomvu mzito wa rangi ya maziwa yaliyoganda, kama usaha. Niliuona. Ulishika kwenye panga. Nikalipangusa kwa majani ya barabarani, nikavipasua vigogo, nikavitandika chini ya magurudumu. Gari likajaribu, likakataa. Lilikuwa zito nyuma. Machipukizi yalikuwa yamekunywa mvua ya asubuhi nzima, udongo wake umekuwa uji. Nikayashusha yote arobaini ukingoni mwa barabara. Nikakung'uta udongo, na ili yapungue uzito zaidi nikayapunguza upya, majani kwa juu, mizizi kwa chini. Moja baada ya moja, arobaini yote. Kwa panga lile lile.

Watu wameniuliza, wachache niliowaambia, kwa nini sikwenda motoni. Mlango ulikuwa hatua thelathini. Kiberiti changu kilikuwa kimelowa, lakini moto ulikuwa ndani, unawaka. Nitajibu kama ilivyokuwa. Mama alikuwa amekaa kando ya moto ule. Nimejaa tope hadi kifuani, gari langu liko mtaroni, na mimi ndiye niliyesema halikwami. Sikutaka kuingia nikasimama mbele yake kabla sijalitoa. Nilitaka atoke nje alikute gari barabarani, linanguruma, mizigo imefungwa, nimtazame usoni. Nikajiambia kupangusa kunatosha. Nikajiambia mvua yenyewe inaosha.

Na gari likatoka. Nililitoa peke yangu. Nikapakia, nikafunga turubai, nikapiga honi. Mama akatoka kwa fimbo yake, shavuni ametia kahawa ya kutafuna aliyopewa na wenyeji. Macho yake hayakwenda kwenye gari. Yalikwenda moja kwa moja kwenye vipande vya mizizi vilivyotapakaa barabarani.

"Umeyakata upya?"

"Yalikuwa mazito."

"Umelichoma panga?"

Nilikuwa na nafasi. Angeniambia shusha, tuyakague, tuyatupe, turudi Ihembe tukachimbe mengine. Siku mbili zaidi za tope, basi.

"Nimelimwagia mafuta ya gari, nikaliwasha," nikasema. "Liliwaka kama mwenge."

Mama akanitazama, uso wake ukalainika. "Ona," akamwambia yule mzee, "hakusoma, lakini kichwa chake kinafanya kazi."

Mzee alilitazama panga mkononi mwangu, halafu akalitazama tope. Hakunisuta mbele ya mama. Sisi tulikuwa wageni wake. Jua lilikuwa linaelekea kuzama na barabara haikuwa ya kupita, akatulaza kwake. Jioni ile nilikula ndizi na maharage karibu na moto ule ule, nikikausha shati, na panga langu likiwa nje chini ya kiti cha dereva.

Tulifika Nkwenda kesho yake mchana. Watu walisimama kututazama, gari lina rangi ya udongo mpaka vioo, na bibi kizee mbele anafuta kioo kwa mkono. Siwezi kusema sikufurahi. Mama alichagua mahali pa kupanda, nyuma ya jiko la mke wangu. Ishirini na sita tulipanda siku hiyo hiyo. Yaliyobaki kumi na manne alisema si yetu.

"Mtu anayehamia haji mikono mitupu."

Akagawa mawili mawili kwa majirani saba. Kila nyumba aliingia mwenyewe, akakaa, akaeleza namna ndizi ile inavyopenda majivu. Walimpenda. Asubuhi nilikuwa nikitoka namkuta keshazunguka machipukizi yake yote ishirini na sita kwa fimbo, anayasemesha. Aliacha kuzungumzia nyonga. Alisema hewa ya Nkwenda inamfaa.

Mvua zilipokwisha, jani la kwanza likalegea. Lilining'inia kama limemwagiwa maji ya moto. Nikasema ni jua. Baada ya siku chache yakawa manne, halafu tisa. Akaniomba nimletee kisu. Akakata shina moja kwa mshazari, akakaa chini kabisa ardhini, nyonga na yote, akangoja. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Ule utomvu ukatoka. Nilikuwa nimeshawahi kuuona.

"Nimekuletea ugonjwa, mwanangu," mama akasema.

Ningeweza kusema pale. Mdomo niliufungua. Nikasema, "Usijali, mama."

Bwana shamba wa kata alikuja, kijana mpole, akasema yote yang'olewe, yakatwekatwe yaozee pale pale, na pasipandwe mgomba kwa muda mrefu. Kwa majirani ilikuwa vile vile, ila kwao ugonjwa ulikuwa umeshapanda mapanga na kuingia kwenye migomba yao wenyewe. Jirani mmoja, mjane, alipoteza nusu ya kibanja. Mama aliposikia, alisema nimpeleke kwao wote.

Ni umbali wa kutembea, lakini nyonga ilikuwa imemrudia, hakuweza kutembea. Nikawasha landrova. Nyumba saba. Katika kila nyumba nilisimamisha gari nje na sikuzima injini, nikasema betri ina shida. Niliwaona tu mlangoni. Mama anaongea kichwa chini, anaonyesha kule Ihembe kwa mkono, anajigusa kifua. Kwa yule mjane alijishusha kwa fimbo, polepole, mpaka magoti yakagusa chini. Mjane akamwinua, wakalia wote wawili. Mimi nilikuwa nakanyaga mafuta kidogo kidogo ili injini isizime.

"Walikuwa wakali?" nilimuuliza njiani.

"Hapana. Ingekuwa afadhali."

Tangu hapo mama akawa mgeni kwangu. Alikula alichopewa, akashukuru. Mke wangu alipanda maharage pale nyuma ya jiko, yakaota vizuri, mama akayapita bila kuyatazama. Dada alipiga simu mara nyingi kusema Ihembe migomba ni mizima, haina hata jani moja la njano. Mama hakuamini.

"Dada yako ananificha," aliniambia. "Hataki niumie. Ugonjwa umetoka kwangu, mimi niliyekuwa nasema hauingii."

Nami nikasema huenda. Ndiyo, nilisema hivyo. Huenda, mama.

Masika yaliyofuata aliniambia nimrudishe. Nilitafuta visingizio: daraja, breki, mvua. Alingoja visingizio viishe. Siku moja nikamkuta asubuhi amekaa ndani ya gari, kwenye kiti chake, fimbo katikati ya magoti na mkono kwenye kishikio cha wipa.

Safari nzima alifuta kioo bila kuimba. Daraja lilikuwa limejengwa upya, hatukupita kwa yule mzee. Nilijua tunakwenda kuona nini na nilishindwa hata kupunguza mwendo. Tulipoingia Ihembe mvua ilikuwa imelegea. Nyumba ile haikuonekana kutoka barabarani, kama zamani, kwa sababu ya majani. Migomba yake ilikuwa imeizunguka, kijani kibichi mpaka nyeusi, mikungu imeegemezwa miti ili isianguke.

Dada alitoka mbio na kumkaribisha kwa Kinyambo: "Kaije, mama, kaije!" Mama hakushuka kwanza. Alitazama. Kisha akashuka, akapita katikati ya shina moja na jingine akigusa kila moja, akamwomba dada panga. Dada alianza kwenda nalo jikoni, kwa mazoea, kulipitisha motoni. Mama alimngoja arudi. Akakata kipande cha shina karibu na mlango, pale pa enshakara ya zamani kabisa, akasimama mvuani akitazama mahali alipokata. Tulisimama naye. Yakatoka maji tu. Maangavu, mepesi, yakachuruzika na mvua.

Hakugeuka aliponiuliza.

"Siku ile Kiruruma. Panga ulilichoma?"

"Hapana, mama."

Dada alinitazama, akamtazama mama, akaingia ndani.

"Niliingia nyumba saba," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulikuwa nje, kwenye gari."

"Ndiyo."

Alinipa panga la dada nilipeleke ndani. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyechoka kufuta kioo. "Basi kawaambie," akasema. "Usipeleke gari. Nenda kwa miguu."

Nilikwenda. Nilikwenda kwa miguu nyumba zote saba, mimi mwenye malori mawili, na kwa yule mjane nilisimama uani muda mrefu kabla sijaweza kupiga hodi. Waliyosema ni yao, siyaandiki.

Ninachotaka kuandika ni siku ile nilivyoondoka Ihembe. Kwetu mtu hatoki kwa mama yake mikono mitupu. Miaka yote nilipokuja kusalimia nilirudi na mkungu, au kikapu cha maharage, au machipukizi nisiyoyahitaji, na nilikuwa nikilalamika kwamba ananijazia gari. Siku ile dada alinipa chakula, nikala. Mama aliketi kwenye kigoda chake mlangoni, ananitazama nikifunga turubai nyuma, na nyuma hamkuwa na kitu. Sikupewa hata chipukizi moja, wala sikuomba.

Dereva yeyote atakwambia, gari la namna hii likiwa tupu ndipo linapoteleza. Halina uzito wa kulikandamiza chini. Niliteremka vilima vile peke yangu, mvua imeanza tena, breki mara tatu kila kona, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nimeunyoosha mpaka upande wa abiria, nafuta kile kioo. Kwenye kiti kile hapakuwa na mtu wa kutazama nje, lakini niliendelea kukifuta mpaka Nkwenda.